Bibi wa Kiti cha Nne

Mtongwe, Likoni
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Mchoraji wa Mvua ya Chuma,

Assalaam aleikum. Na kama wewe si Muislamu, basi shikamoo, maana sijui jina lako wala umri wako.

Mimi naitwa Asmaa Mwidani. Nina miaka ishirini na miwili, nashona sare za shule hapa Mtongwe, na tangu mwaka juzi naendesha ukurasa wa mashabiki wa bendi yenu. Tumefika watu elfu kumi na moja. Mamangu anadhani ni ukurasa wa mishono. Naandika kwa karatasi kwa sababu kila bango lenu linasema maswali yaende kwa sanduku la posta, na kwamba mtandaoni hamjibu mtu.

Swali langu ni la jalada la albamu mpya. Jukwaani mna viti vinne. Karani hukaa cha kwanza na muhuri wake shingoni, Mkunga cha pili na kanga yake yenye damu, Mlinzi cha tatu na rungu. Cha nne kiko wazi tangu onyesho la kwanza, na wimbo wa mwisho huimbwa nyuso zote tatu zimekigeukia. Miaka mitatu tunabishana kiti hicho ni cha nani. Sasa umechora jalada, na kitini amekaa bibi kizee, macho mekundu, kiatu kimoja cha mtoto mapajani, na ukutani nyuma yake alama za chaki.

Alama ni tatu. Wahusika ni watatu. Mimi naona Karani, Mkunga na Mlinzi wamekufa zamani, ndiyo maana nyuso zao zimepakwa chokaa, na aliyewaua ni huyo bibi. Hawamwimbii kwa heshima, wanamwimbia kwa hofu. Kiatu ni cha wa nne, ambaye bado hajamla.

Wenzangu wengine wanasema bibi ni Kifo, wengine wanasema ni Mombasa yenyewe imezeeka. Sikubaliani nao. Niambie nimepatia au nimekosa, hata kwa neno moja. Wallahi sitakusumbua tena.

Wako,
Asmaa Mwidani


Changamwe
17 Februari 2025

Bi Asmaa,

Aleikum salaam. Si Muislamu, lakini shikamoo nimeipokea. Marahaba, ingawa nina miaka thelathini na mitatu tu. Naitwa Changawa. Mchana naandika majina na dua kwenye malori yanayoingia Kipevu, jioni napaka rangi nyuso za watu watatu unaowajua.

Mansur, ambaye jukwaani ni Karani na mchana ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, ametukataza kueleza picha. Anasema siku shabiki atakapojua kila kitu ndiyo siku atakayobaki nyumbani. Kwa hiyo sikubali na sikatai.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Nyingi tunazopata zinauliza tunatumia rangi gani. Wewe umeitazama picha. Umekaribia kuliko wote.

Nikupe zawadi moja, halafu ninyamaze. Kiti kile si cha kubuni. Kipo Mishomoroni, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na mguu wake mmoja umefungwa waya wa samawati kama nilivyochora. Yaliyobaki soma mwenyewe.

Changawa


Mtongwe, Likoni
2 Machi 2025

Kaka Changawa,

Shikamoo. Nina furaha sana.

Maelezo yangu niliyaweka kwenye ukurasa, na nikaandika kwamba mchoraji mwenyewe amesema nimekaribia kuliko wote. Yamesomwa na watu elfu tisini. Halafu wenzangu wawili wa Kisauni, Lewa na Lavender, wakaenda Mishomoroni kukitafuta kiti. Kaka, kipo! Na ukuta upo, na alama za chaki zipo, ila sasa ni tano. Na yeye yupo.

Mimi nilidhani umemtoa kichwani. Kumbe ni mtu.

Lavender anasema aliwakaribisha vizuri, akawawekea viazi vya karai kwenye gazeti bila kuwaitisha kitu. Hawakula. Walimpiga picha ameinama, akainua uso, na macho ni yale yale. Nimeiweka kando ya jalada lako ili watu walinganishe.

Watu wameandika mengi, na mengine yamenikosesha raha kidogo. Kuna kijana anaitwa Boga, wa mtaa huo huo, ameandika kwamba bibi huyo wanamjua, na kwamba kuna watoto hawapitishwi kwake. Sikumjibu. Lakini nimejiuliza, bendi ilimpataje? Alijua ni hadithi gani kabla hajakaa umchore?

Mdogo wako,
Asmaa


Changamwe
10 Machi 2025

Asmaa,

Ondoa hiyo picha. Ondoa na maelezo. Leo, usingoje kesho.

Yule ni mtu tu, anakaanga viazi. Hana habari na bendi. Usimtume mtu tena kule.

Changawa


Mtongwe, Likoni
14 Machi 2025

Kaka Changawa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi na nimeondoa vyote kabla sijanywa chai. Lakini wenzangu walishaichukua picha. Naiona kwenye kurasa za watu nisiowajua, chini yake maneno ambayo sikuyaandika mimi. Na Kongowea wanauza fulana zenye uso wake. Nilidhani ni za bandia. Nikazigeuza, nikaona muhuri wa Karani. Ni zenu.

Umenijibu kama unamkemea mtoto aliyevunja sahani. Mimi nilikuuliza, na wewe ulisema nimekaribia. Kiti kilipo ulinieleza wewe. Huyu bibi ni nani kwako?

Na kuna jambo jingine. Boga ameandika jana kwamba mdogo wake wa kike, wa miaka minne, amefariki kwa homa, siku mbili baada ya kula viazi vya pale. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika hapa.

Naogopa, kaka. Wewe unamjua, mimi simjui. Nenda. Na unijibu.

Asmaa


Mtongwe, Likoni
12 Aprili 2025

Kaka Changawa,

Sikupata jibu. Nilipiga nambari ya kwenye bango, akapokea Mansur. Amesema mko Tanga kwa maonyesho, na simu yako imeharibika. Barua hizi mbili nampa kondakta wa basi la Tanga, ameahidi kuzifikisha ukumbini kwa mkono wake. Yangu isome kwanza.

Jumapili iliyopita, tarehe sita, saa tisa alasiri, vijana kama ishirini walikwenda kwa yule bibi. Walimpiga mawe, wakalichoma moto jiko lake, wakang'oa mabati. Mama mmoja anayeitwa Winfred, mwenye kile kinu cha kusaga, alimlalia juu kwa mwili wake na kupiga kelele mpaka watu wa kanisani wakaja. Bibi amevunjika mkono wa kulia. Walipomtoa hospitali, Winfred akamchukua kwa dadake huko Frere Town.

Nilikwenda siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza nilikusudia kumwambia ni mimi. Nilipoingia akasema, "Karibu mwanangu, keti, umetoka mbali." Nikaketi. Sikusema. Siku ya pili nilimpikia uji. Jana akaniuliza kama najua kuandika, kwa kuwa ana mjukuu anataka kumpelekea barua. Nikasema, "Abee bibi, najua." Nikatoa karatasi. Akasema, "Andika: kwa mjukuu wangu Changawa Nguma, fundi wa kuandika malori, Changamwe."

Kalamu ilisimama. Akaniuliza kama wino umekwisha.

Kumbe ni nyanya yako. Kumbe ulijua tangu barua ya kwanza. Nilitamani kuitupa karatasi na nikutukane, lakini alikuwa akinitazama, akingoja. Basi nimeandika kila neno lake bila kupunguza. Mwisho amepiga dole gumba la kushoto. Hajui mimi ni nani, na hajui wewe ulifanya nini. Tumemficha sisi wawili, na kila mmoja amekaa upande wake.

Asmaa


Frere Town
11 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu Changawa Nguma, fundi wa kuandika malori, Changamwe.

Ni mimi hawe yako, Kache. Mkono unaoandika si wangu, wangu una plasta. Anayeandika ni msichana wa Likoni, amekuja kunitazama na sijui katumwa na nani. Uji wake mwepesi sana. Nimemwambia aandike na hilo, anacheka.

Changawa, miaka miwili hujaja. Sikulaumu, najua kazi. Simu siisikii vizuri, ndiyo maana naandikisha.

Walikuja nikiwa namenya viazi. Wengi nawajua. Huyo Boga nilimbeba mgongoni mamake akienda kufulia watu nguo Nyali. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, pole tena kwa msiba," maana tangu mazishi sikuwa nimemwona. Akasema, "Kiatu chake kiko wapi?" Nikamuuliza, "Kiatu cha nani?" Akasema, "Usijifanye. Kila mtu amekiona." Mimi sikuelewa. Nikamtazama kifuani, nikauona uso wangu.

Mwanangu, nilidhani nimekufa. Mtu aliye hai anavaliwaje na wenziwe kwenye fulana? Nikainua mkono nimguse pale kifuani, nimuulize huyu ni mimi au ni mwingine. Ndipo akapiga.

Jiko limeungua, karai limebaki. Mkono watauangalia tena wiki ijayo. Kinachoniuma ni kwamba walikuwa wakinitazama na hakuna aliyeniona. Nilikuwa nikiwataja majina yao mmoja mmoja na walikuwa wakiniangalia kama ukuta.

Kuna mtu amenichora. Wewe unajua mambo ya kuchora na watu wake. Nitafutie ni nani. Sitaki apigwe, na kituoni sitampeleka. Nataka aje aketi hapa nimuulize aliona nini.

Usije kama ni hatari kwako. Ukija, njoo na majani ya chai, ya hapa hayana rangi.

Hawe yako,
Kache wa Kenga


Tanga
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Asmaa,

Barua zenu zimenikuta ukumbini. Nimezisoma chooni, maana hapakuwa na mlango mwingine wa kufunga.

Hawe alinilea tangu nina miaka minne, mama yangu alipofariki. Kiatu ni changu. Siku ya kwanza ya shule nilirudi na kimoja, naye akakihifadhi, akisema nikipata mtoto tutamwonyesha tucheke. Zile alama za chaki ni maji. Hajui kusoma, basi kila mfereji unapotoa maji huweka alama moja ukutani, mwezi ukiisha anafuta. Mara ya mwisho nilipofika kwake zilikuwa tatu. Na macho ni moshi wa kuni, miaka arobaini kwenye karai. Karai hilo ndilo lililonisomesha.

Haya yote nilikuwa nayo mkononi uliponiuliza. Ningeyaandika kwa mistari sita, na leo angekuwa nyumbani kwake. Sikuyaandika kwa sababu barua yako ilinipa raha. Hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu vile. Nikataka uendelee kutazama.

Barua yako ya Machi niliipata kabla sijaondoka. Nilisoma kwamba mtoto amefariki na kwamba unaogopa. Nikajiambia watu husema tu. Nikapanda basi la Tanga.

Na bado sijafika mwisho wake. Miaka miwili iliyopita binamu yangu Kadenge alifariki ghafla, hakuumwa hata siku moja. Kwenye matanga wajomba wakaanza kunong'ona jina la hawe. Nilikuwa nimeketi katikati yao. Sikuwakatalia. Nikarudi Changamwe, na kila Jumapili nikawa na kazi. Hakunikosea lolote. Nilianza tu kuogopa kula kwake. Kisha Mansur akasema anataka mtu wa kiti cha nne, mtu wa kutisha, nami nikakaa kuchora na mkono wenyewe ukaenda kwake. Moshi hufanya macho yawe mekundu, haufanyi yatazame vile. Mtazamo ule niliutia mimi.

Hukuisoma vibaya picha, Asmaa. Uliyoyaona yalikuwamo. Ila yalikuwa yangu.

Nimemwambia Mansur fulana zirudishwe. Amesema zimekwisha, na kwamba watu wa Tanga wanaziulizia. Nimemwachia brashi mezani. Jumamosi tarehe 26 nitakuwa Frere Town. Ya kwangu usimwambie, nitasema mwenyewe. Ya kwako nayo ni yako kusema.

Changawa


Mishomoroni
Jumanne, 20 Mei 2025

Kaka Changawa,

Shikamoo. Umemtuma Winfred aniulize mambo mawili: bibi anaendeleaje, na kama amekuita. Hajakuita. Naanza na hilo ili usisome barua yote ukilitafuta.

Mkono unaendelea. Plasta itatolewa mwisho wa mwezi inshallah. Kumenya bado hawezi, kwa hiyo namenya mimi. Nimemwambia mamangu yote, na ukurasa, na bendi, na mabaya niliyoyaandika. Jioni akanifungia mfuko wa mihogo ya shambani akasema, "Mpelekee. Na usirudi nao."

Siku ile ya tarehe 26 kule Frere Town, ulipomaliza kusema, naye akakwambia uende na usije mpaka akuite, ulitoka bila viatu, sijui kama ulijua. Mimi nilibaki. Nikapiga magoti pale pale ulipokuwa umepiga wewe, nikamwambia na ya kwangu. Nilidhani atanifukuza pia. Akauliza tu, "Hiyo picha unayo?" Nikampa simu. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akasema, "Ni mimi. Amenichora vizuri. Hicho ndicho kinachouma."

Nikamuuliza mbona mimi ananiacha niketi na wewe umeambiwa uende. Akasema, "Wewe ulisema uongo juu ya mtu usiyemjua. Yeye ananijua."

Nisamehe kwa kukuandikia hivyo, lakini niliapa kutokupunguzia maneno yake.

Kwenye kikao cha chifu, kile kilichoitishwa juu ya kisa hiki, ulisimama ukasema kila kitu mbele ya watu, hata la kumwogopa, na niliona jinsi nusu yao walivyoinuka wakaenda zao. Mimi pia niliandika ukweli wote kwenye ukurasa kwa jina langu kabla sijaufunga. Unajua wamesemaje? Kwamba ni mbinu ya bendi. Kwamba bibi, na moto, na mkono, na wewe kutoka kwenye bendi, vyote ni sehemu ya onyesho linalokuja. Wameanza kuhesabu siku. Nilikaa nao miaka mitatu, najua wanavyofikiri, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kwamba hakuna kitu kinachotokea bure.

Frere Town hakukubali kukaa. Winfred alimsihi, mamangu akamwalika Mtongwe, akasema, "Nikiondoka watasema ndiyo maana ameondoka." Watu wa kanisa wameezeka upya. Leo ni siku ya kumi na moja tuko hapa. Mimi naja asubuhi, narudi kivukoni alasiri. Moto anawasha mwenyewe kwa mkono mmoja, hataki msaada kwa hilo. Wiki ya kwanza hakuja mteja hata mmoja. Viazi tulikula sisi na Winfred mpaka tukachoka. Watoto wanapita upande wa pili wa njia, na mama zao wanawashika mikono. Juzi mtu alitupa jiwe kwenye bati, moja tu. Bibi hakugeuka, lakini niliona mabega yake.

Asubuhi ya leo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Boga, aliyekamatwa kwa lile shambulio, bado yuko rumande. Mwenye kumzika mtoto na kufungiwa mwingine ni mama yake, na tangu turudi hatujamwona. Leo amekuja peke yake. Amesimama nje, kanga ameishika mdomoni. Nikaweka kisu chini, maana sikujua amekuja kufanya nini, na Winfred alikuwa ameshawasha kinu, asingetusikia.

Bibi akamwamkia, "Umeamkaje, mama?"

Hakusogea.

"Jua kali hapo ulipo. Ingia."

Akasema, "Sikuja kula."

"Sikukwambia ule. Nimekwambia uingie."

Akasema, kwa sauti ndogo mpaka nikasogea kumsikia, "Alikuwa akikipenda chakula chako. Siku zile mbili za homa alikuwa akikiulizia. Mimi nikakataa kumpelekea."

Bibi akasema, "Najua alikuwa akikipenda. Alikuwa akichagua vya pembeni, vilivyokauka." Halafu akageukia moto wake, na mama yule akaanza kulia akiwa amesimama wima, bila kujifunika uso.

Hiyo ilikuwa kama nusu saa iliyopita. Nimekuandikia haraka kabla sijasahau maneno yalivyokwenda, maana safari hii sitaki kutia langu. Sijui atafanya nini. Labda amekuja kuomba kesi iondolewe, labda hajui mwenyewe. Hajaingia. Hajaondoka pia. Bibi ameniambia niweke karatasi chini nimenye viazi, na niongeze, tumekuwa watatu.

Asmaa